Gunia Hupimwa, Mchimbaji Hapimwi



Katika maeneo ya Likasi na Kambove husikika kauli mbili zinazogongana. Mmoja husema: "Tumechimba Shinkolobwe miaka mingi, wala hatujaona kitu. Uraniumu ni hadithi ya kututisha tuiache riziki yetu." Mwingine husema: "Kila kikohozi na kila mtoto anayezaliwa na kilema ni kazi ya uraniumu." Nasema wazi kwamba wote wawili wana kosa moja: wamekata hukumu kabla ya kupima.

Mionzi haina harufu wala rangi. Kwa hiyo "hatujaona kitu" ni ushahidi wa macho katika jambo ambalo macho hayaliwezi. Hata hivyo, kisichoonekana chaweza kupimika. Mwaka 1928 Hans Geiger na Walther Müller walikamilisha chombo cha kuipimia: mrija wenye gesi, na ndani yake waya uliotiwa umeme. Mionzi ikipenya, gesi hupitisha umeme kwa nukta moja, na chombo hulia. Milio ikifuatana upesi, mionzi ni mingi.

Lakini mtu asidhani kwamba kupitisha chombo hicho juu ya udongo mara moja kumemaliza kazi. Shimoni kuna radoni, gesi inayozaliwa na uraniumu, na kuna vumbi. Chembe za alfa zitokazo humo huzuiwa na karatasi tu, hata na ngozi. Zikivutwa pamoja na pumzi, hudhuru mapafu kutoka ndani. Basi hewa nayo ipimwe, na mchimbaji avae dozimeta kifuani ili kijulikane kiasi alichopokea kwa miezi na miaka. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni milisiverti 20 kwa mwaka kwa mfanyakazi, kwa wastani wa miaka mitano, na milisiverti 1 kwa mwananchi wa kawaida.

Hapa ndipo penye uchungu. Mawe ya Shinkolobwe yamepimwa tangu zamani. Yalipimwa yalipopelekwa Ubelgiji kutolewa radi, na yalipimwa tena yalipopelekwa Marekani wakati wa vita, yakatumika katika mabomu ya kwanza ya atomiki. Mwaka 2018 kampuni moja kubwa ya Kolwezi ilisimamisha kuuza kobalti yake nje, kwa kuwa uraniumu uliokutwa ndani ulizidi kiwango kinachoruhusiwa bandarini. Gunia, basi, lina mlinzi wake. Je, ni nani amvalishaye dozimeta kijana aliyelijaza gunia kwa mikono yake?

Mtajibiwa kwamba mgodi ulifungwa kwa amri ya Rais mwaka 2004. Ni kweli, na mwezi wa saba mwaka uleule shimo liliporomoka likaua watu, kwa sababu uchimbaji uliendelea. Mtajibiwa pia kwamba wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuja kupima mwishoni mwa mwaka huo. Walikuja, wakapima, wakaondoka. Ziara ya siku chache haiwezi kueleza mtu amevuta nini kifuani kwa miaka kumi.

Wengine watasema kwamba kupima kutazusha hofu. Mbona wauguzi wanaopiga picha za mionzi hospitalini huvaa dozimeta, wala wagonjwa hawakimbii? Hofu hulelewa na uvumi. Kipimo kikiwa kidogo, mama atapumzika na lawama za bure. Kikiwa kikubwa, tutajua shimo la kuacha na nyumba isiyofaa kujengwa kwa mawe hayo. Wala asiseme mtu kwamba elimu hii ni ya wageni: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa mjini Kinshasa mwaka 1959.

Kwa hiyo, mtu yeyote, awe mfanyabiashara au kiongozi, akija kuwaambia "hakuna hatari" au "hatari ni kubwa", mwulizeni maswali manne: Mmepima nini? Kwa chombo gani? Kwa muda gani? Matokeo yamesomwa wapi mbele ya watu? Asiyeweza kujibu hajapima, na neno lake lisimpeleke mtoto wa mtu yeyote shimoni.