Kampene: Mashine mpya ya mkononi haigeuzi mchezo wa zamani kuwa mpya

Jioni katika Kampene, eneo la Pangi, vijana wanakusanyika penye paneli ya jua na televisheni kucheza mpira wa video. Mabishano yao siku hizi ni haya: inafaa kuuza dhahabu ili kununua mashine mpya ya mkononi, kwa sababu eti ndani yake michezo ya zamani inakuwa mipya? Jibu ni hapana.

Ushahidi wa kwanza ni mpira wenyewe. Nintendo ilitoa mashine ya Switch mwaka 2017, na kampuni EA ikaleta humo FIFA. Lakini kuanzia FIFA 20 mpaka FIFA 23, matoleo manne mfululizo, wanunuzi wa Switch waliuziwa uchezaji uleule. Kilichobadilika ni jezi na orodha ya wachezaji, na EA yenyewe haikuficha jambo hilo. Mwaka 2023 ndipo FC 24 ikatengenezwa upya kwa kweli, kwenye Switch ileile ya 2017. Basi kilichokuwa kinakosekana si mashine. Ni nia ya watengenezaji.

Wenye kutetea mashine mpya wanataja Zelda: Breath of the Wild, iliyotoka siku moja na Switch, tarehe 3 Machi 2017. Ni kweli, mchezo huo ulifufua jina lililoanza mwaka 1986. Lakini siku hiyohiyo ulitoka pia kwa Wii U, mashine ya nyumbani ya 2012. Na Pokémon je? Ilizaliwa Japani mwaka 1996 kwenye Game Boy, mashine iliyokuwa na karibu miaka saba tayari. Wazo jipya halikungoja chombo kipya.

Haki itendeke: DS ya 2004 ilileta kioo cha kugusa, na michezo iliyobuniwa kwa ajili ya kioo hicho ilikuwa na ladha yake. Lakini mchezo wa zamani uliohamishwa tu haukupata ladha hiyo. Ugali wa jana ukiwekwa katika sahani mpya unabaki ugali wa jana.

Sasa kuna Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025. Huko Marekani ilianza kuuzwa dola 449.99, na mchezo wa Mario Kart World peke yake dola 79.99. Hiyo ilikuwa bei ya dukani huko. Safari ya mpaka Kindu, kisha pikipiki mpaka Kampene, ni gharama nyingine.

Na ndani ya kila mashine ya namna hii kuna bati linaloshikisha vipande vyake. Bati linatoka katika kasiterite, jiwe ambalo wachimbaji wa Maniema wanalitoa udongoni kwa jembe na beleshi. Mchimbaji anauza jiwe kwa bei ndogo, kisha anataka kulinunua tena kwa bei kubwa, likiwa limefungwa na mchezo ambao anaujua tayari.

Kabla ya kupeleka dhahabu kwenye mizani, kijana aulize jambo moja: ndani ya mchezo kumebadilika nini? Akijibiwa kwamba ni picha na jezi tu, arudishe dhahabu mfukoni. Karo ya shule inaingojea.