Eksirei si kubonyeza kitufe tu

Vijana wanaomaliza kidato cha nne wasije wakadhani kazi ya kupiga eksirei ni kubonyeza kitufe. Hapa Kenya, stashahada ya fani hii katika chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC huchukua miaka 3, na Fizikia ndiyo inayowatoa wengi jasho. Picha ya kifua pekee ina mambo yake: mgonjwa aegemeze kifua kwenye bamba, asukume mabega mbele ili mifupa yake isifunike mapafu, kisha avute pumzi na kuizuia. Mtoto mchanga humwambii azuie pumzi. Unamvizia avute mwenyewe.

Kuhusu hofu ya mionzi: ukiongeza umbali kutoka kwenye chanzo chake mara mbili, inayokufikia hubaki robo. Zaidi ya umbali, mhudumu husimama nyuma ya kinga yenye madini ya risasi na kuvaa kipimo cha mionzi kifuani. Ultrasaundi na MRI hazitumii mionzi ya aina hiyo kabisa.

Tena tusichanganye kazi mbili: mpiga eksirei hupiga picha, ila anayesoma picha na kuandika ripoti ni daktari bingwa wa radiolojia, aliyepitia udaktari kwanza. Mzazi, kabla ya kulipa karo, muulize mwanao anataka njia ipi kati ya hizo mbili.