Kiwanja na Njia Havitengani

Wananchi wa Likasi, tuseme neno wazi. Mji wetu ulizaliwa na shaba na reli. Reli ilifika Lubumbashi mwaka 1910, ikasonga mbele hadi Kambove mwaka 1913. Union Minière ikajenga viwanda Panda na Shituru, na kambi za wafanyakazi ikaziweka karibu, ili mtu aende kazini kwa miguu. Ilifanya hivyo kwa faida yake, wala si kwa kumpenda mtu mweusi. Lakini ilijua jambo moja: nyumba na njia hupangwa pamoja.

Jina la Jadotville liliondoka mwaka 1966. Je, tumepanga wenyewe? Leo sehemu kubwa ya madini haipandi tena reli. Malori yanatoka Kolwezi, yanapita kwetu, yanaelekea mpaka wa Kasumbalesa. Palipo na magari pana biashara, basi watu wanajenga na kuuza kando ya barabara hiyo hiyo. Mama mwenye beseni la mihogo hana kosa. Kosa ni kugawa viwanja bila kuuliza: mtoto atavuka wapi kwenda shule? Mfanyakazi atapanda nini?

Tunadai mambo matatu. Kiwanja kisipimwe kabla njia haijaonyeshwa. Mzigo mzito urudi kwenye reli. Na wakuu wa komini za Likasi, Kikula, Panda na Shituru wakae meza moja na watu wa reli na wa barabara.

Aliyejitawala huchora ramani yake mwenyewe. Uhuru!