Kulala Hospitalini Si Kulazwa

Watu wengi hudhani kwamba mgonjwa aliyelala hospitalini siku nne, akapimwa na kutiwa dawa mshipani, bila shaka amelazwa. Katika nchi ya Marekani si lazima iwe hivyo, na tofauti hiyo huweza kuitia jamaa nzima katika deni. Yafaa jambo hili lifahamike kwa kila mwenye mzazi au ndugu aliyezeekea huko.

Serikali ya Marekani ilianzisha bima ya Medicare mwaka 1965 kwa ajili ya wazee wa miaka 65 na zaidi. Fungu A la bima hiyo hulipia mgonjwa aliyelazwa; Fungu B hulipia madaktari na matibabu ya mgonjwa wa nje. Daktari asipokuwa na hakika kama mgonjwa anastahili kulazwa, humweka chini ya uangalizi. Mgonjwa huyo hulala kitandani kama wenzake, lakini katika daftari yu mgonjwa wa nje. Askari anajua kwamba zamu isiyoandikwa daftarini ni kama haikulindwa.

Chukua mfano wa bibi kizee aliyeanguka akaumia kiuno. Baada ya siku nne, daktari anaagiza apelekwe nyumba ya uuguzi ajifunze kutembea tena. Medicare hulipia uuguzi huo wote kwa siku 20 za mwanzo. Kuanzia siku ya 21 hadi ya 100 mgonjwa huchangia kila siku. Mwaka 2025 mchango huo ulikuwa dola 209.50. Lakini sharti awe amelazwa siku 3 mfululizo, bila kuhesabu siku ya kutoka. Siku za uangalizi hazimo. Ikiwa siku mbili tu katika zile nne zilikuwa za uangalizi, bibi huyo atalipa mwenyewe.

Yapo makampuni yanayoendesha bima chini ya Medicare ambayo husamehe sharti hilo, ila huweza kudai kibali chao kwanza.

Sheria ya mwaka 2015 huilazimu hospitali kumpa taarifa ya maandishi mgonjwa aliyekaa katika uangalizi zaidi ya saa 24, kabla ya saa 36 kupita. Tena, tangu mwaka 2025, mgonjwa aliyelazwa kisha hospitali ikamgeuza kuwa wa uangalizi anaweza kukata rufani kwa masharti maalumu.

Basi anayemwuguza mzee asingoje siku ya kutoka. Na amwulize daktari kila siku: "Mgonjwa huyu amelazwa, au yu katika uangalizi?" Akijibiwa kuwa ni uangalizi, aombe jambo hilo lifikiriwe upya kabla mgonjwa hajaruhusiwa, kwani akishatoka daktari hawezi tena kurudi nyuma na kuandika kwamba alilazwa. Kuuliza si ujinga.