Kuku Angali Kwenye Dawa

Msimu wa kipaimara na sikukuu unapokaribia, akina mama wanaoleta watoto kliniki huuliza swali lile lile: je, hawa kuku wa kisasa ni salama? Wengi wamesikia kwamba hukua upesi kwa sababu wanadungwa homoni. Hilo si kweli. Kuku wa nyama hufikia kilo moja na nusu au mbili katika wiki tano kwa sababu ya mbegu iliyochaguliwa kwa miaka mingi, pamoja na chakula chenye protini nyingi. Wasiwasi wangu mimi kama muuguzi uko mahali pengine, nao hausemwi sana. Ni antibiotiki, yaani dawa za kuua bakteria, zinazotiwa katika maji ya kunywa ya kuku hao.

Kuku mia tatu wakibanana katika banda moja, mmoja akiugua wote wamo hatarini. Mfugaji, ambaye mara nyingi ni jirani yetu au mwanajumuiya mwenzetu aliyekopa fedha ili apate karo ya watoto, hukimbilia duka la dawa za mifugo. Hurudi na pakiti ya oksitetrasaiklini au chupa ya enrofloksasini. Bwana mifugo hajaitwa, wala ugonjwa haujajulikana. Pengine ugonjwa wenyewe ni mdondo au gumboro, ambayo huletwa na virusi, na virusi haviuawi na antibiotiki hata ukiwapa ndoo nzima. Kinga yake ni chanjo itolewayo mapema. Wengine huwapa vifaranga dawa tangu siku ya kwanza, wangali wazima kabisa, eti wasije wakaugua.

Dawa hizo si za kuku peke yao. Enrofloksasini ya kuku ni ndugu wa siprofloksasini tunayowapa wagonjwa wa homa ya matumbo. Oksitetrasaiklini ni ndugu wa doksisaiklini. Bakteria walio tumboni mwa kuku wakijifunza kumkwepa ndugu mmoja, mara nyingi humkwepa na mwingine. Kisha hutoka bandani kwa njia nyingi: kwenye nyama, mikononi mwa mchinjaji, kwenye kisu, na katika mbolea mbichi inayomwagwa kwenye bustani ya mchicha. Tena bakteria sugu huweza kumpa usugu wake hata bakteria wa aina nyingine.

Sisi wa wodini tunakutana na usugu huo kitandani mwa mgonjwa. Mtoto mchanga ana homa, vijidudu vimeingia katika damu, tunaanza dawa ya kawaida ya bei nafuu, na siku ya tatu homa iko pale pale. Damu ikioteshwa maabara, jibu hurudi likiwa na dawa tatu au nne zilizoandikwa kuwa hazifai. Iliyobaki ni ghali, au haimo katika stoo yetu, na mzazi huambiwa aende hospitali ya rufaa. Kuku hawastahili kubeba lawama yote. Sisi tunaonunua vidonge vinne badala ya dozi kamili tuna sehemu yetu, tena kubwa.

Nchi zilizotutangulia katika ufugaji wa namna hii zimekwisha kuyaona hayo. Sweden ilipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya mzima ukafanya hivyo mwaka 2006. Marekani mwaka 2005 iliondoa enrofloksasini kwa kuku, baada ya bakteria wa kuharisha aitwaye kampilobakta kuonekana akiwa sugu kwa wagonjwa. Huko China mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wamekuta, kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa, usugu dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huiweka akiba kwa siku ambayo nyingine zote zimeshindwa. Novemba 2017 Shirika la Afya Duniani likawataka wafugaji waache kuwapa antibiotiki mifugo isiyo na ugonjwa. Wasweden nao hawajaacha kula kuku.

Jambo linaloniudhi zaidi liko hapa kwetu, nalo ni la siku chache tu. Kila pakiti ya dawa ya mifugo imeandikwa siku za kusubiri baada ya dozi ya mwisho kabla ya kuchinja: huenda ni tano, saba, au zaidi, kadiri ya dawa. Katika siku hizo mwili wa kuku hutoa dawa. Lakini kuku wa wiki tano anakula sana, kila siku ya kusubiri ni fedha, na mteja amekwisha kulipa nusu. Basi kuku aliyekunywa dawa jana anachinjwa leo. Hata yule anayesinzia anachinjwa haraka kabla hajafa, na anaishia kwenye kikaango cha chipsi. Moto mkali huua vijidudu, lakini hauondoi mabaki yote ya dawa.

Mimi nasema sisi wanunuzi tunachangia. Tunaagiza kuku sitini kwa Jumamosi ya sherehe, siku haibadiliki, bei tumeibana mpaka mwisho, halafu tunashangaa mfugaji hakusubiri. Vigango na jumuiya zenye miradi ya kuku zingeanza kwa daftari moja tu bandani: tarehe ya chanjo, jina la dawa, siku ya dozi ya mwisho.

Jikoni mnajua wenyewe, ila nikumbushe: kisu na ubao uliokatia kuku mbichi usikatie kachumbari kabla ya kuviosha kwa sabuni na maji ya moto, na nyama iive mpaka kwenye mfupa pasiwe na wekundu.

Unapokwenda kununua, muulize mfugaji kwa upole ni lini alimaliza kuwapa dawa, na uombe kuona pakiti. Akikujibu kwamba alimaliza juzi na siku hazijatimia, mwambie utawachukua zikitimia, na umwachie fedha ya chakula cha siku hizo.