Mwezi una Jumapili nne, mfuko una moja

Kama wiki ilikuwa ngumu, pole sana, na kama ilikuwa nyepesi basi nikopeshe kidogo. Leo naomba tuache mambo ya wachumba na madisko, twende kanisani. Usifunge gazeti! Sikuhubirii mtu. Mimi elimu yangu ni kidato cha nne tu, na dini nimeikuta nyumbani kama nilivyokikuta kinu. Nataka tuongee jambo ambalo kijiweni kwetu Mwanjelwa, hapa Mbeya, tunalinong'ona kila siku, ila mbele ya wazee tunajifanya bubu.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa nini kijana akishapata kipaimara, akaimba kwaya miaka miwili mitatu, akamaliza na shule, ghafla haonekani tena kanisani? Wazee wana majibu yao: eti disko, eti mabinti, eti tumekimbilia kwa manabii wenye maspika makubwa. Yapo hayo, sikatai. Lakini washikaji wengi ninaowajua mimi hawakukimbizwa na shetani. Walikimbizwa na bahasha.

Kwa wale wa mbali, niwape picha kidogo. Mbeya ni nchi ya Moravian. Wamisionari wao wa Kijerumani walifika Rungwe mwaka 1891, na mwaka huo huo wenzao wa misheni ya Berlin nao wakaingia Unyakyusa, baadaye wakasambaa hadi Ubena na Uhehe. Ndiyo maana ukifika Iringa unakutana na KKKT kila kona, ukiacha Wakatoliki na Tosamaganga yao. Moravian wanaita kundi la waumini wa mahali pamoja ushirika, KKKT wanaita usharika. Tofauti ni herufi moja, ila bahasha ni zile zile.

Sasa fuatana nami tuuone mwezi unavyokwenda.

Jumapili ya kwanza ndiyo Jumapili ya wenye mishahara. Kanisa linajaa hadi watu wanakaa kwenye mabenchi ya nje. Walimu wamelipwa, manesi wamelipwa, watu wa halmashauri wamelipwa. Sadaka ya kwanza, sadaka ya pili, ahadi ya jengo, shukrani ya pekee. Kwaya zote zinaimba, matarumbeta yanalia, mchungaji anatabasamu. Raha tupu.

Jumapili ya pili ni ya matangazo ya ndoa, na hapo vijana ndipo tunapofungua masikio. Tangazo la kwanza, tangazo la pili, tangazo la tatu, mwenye pingamizi amwone mchungaji. Ukisikia jina la binti uliyekuwa unamzungukia tangu mazoezi ya kwaya linasomwa pamoja na jina la jamaa wa benki, unainamisha kichwa kama unasali. Wee acha tu, yamenikuta.

Jumapili ya tatu mambo yameanza kukaza. Mhazini anasoma mapato ya wiki iliyopita kwa sauti ndogo. Na ya nne ndiyo usiseme. Watu wanakuja na nauli ya kurudia tu, wengine hata hiyo hawana, wanapiga mguu kutoka Ilomba. Na mwezi ukiwa na Jumapili ya tano, hata wazee wa kanisa wanaangalia saa.

Kinachoiokoa hiyo Jumapili ya nne ni mnada. Mama wa Uyole asiye na hela analeta sado ya viazi. Wa kutoka Tukuyu analeta mkungu wa ndizi. Mwingine mayai matano kwenye kikombe. Ibada ikiisha watu wanatoka nje, vitu vinapangwa chini, mnadishaji anaanza kelele. Hapo ndipo utaona jogoo mmoja ananunuliwa mara tatu: wa kwanza anamnunua anamrudisha, wa pili anamnunua anamrudisha, wa tatu anamnunua anampa mjane. Jogoo mwenyewe anashangaa.

Kuna kitu nilichelewa kukielewa hapo. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba inakwenda hadi Aprili au Mei. Mwezi wa sita na wa saba mnada unafurika, mahindi, maharage, mpunga wa Usangu. Januari na Februari ghala limekwisha, ada za watoto zinadaiwa, na mahindi ya shambani bado mabichi. Lakini bahasha haijui mvua. Inadai Januari kiasi kile kile ilichodai Julai.

Basi bwana, mimi kasheshe langu lilianza Januari. Nilikuwa nauza mitumba ya mtu pale SIDO, nalipwa kwa kipande. Kwaya yetu ya vijana (ushirika siutaji, nataka kuendelea kuishi Mbeya) ikaamua kushona sare mpya. Shati la kitenge, shilingi 40,000 pamoja na fundi. Wengi wakalipa. Katibu akafungua orodha kwenye kundi la WhatsApp: fulani 40,000, fulani 40,000, fulani 20,000. Mbele ya jina langu kulikuwa na kistari.

Ndugu yangu, kile kistari! Kila asubuhi orodha inarushwa upya, na mimi na kistari changu tupo pale pale, namba saba. Hakuna aliyenitukana. Hakuna aliyenifukuza. Ila siku ya kuimba na sare, wenye sare walisimama mbele, nasi watu watatu tukaambiwa tukae tu na waumini kwa leo. Hiyo leo ikawa wiki, wiki ikawa mwezi. Nikajitoa kwenye kundi saa nane za usiku ili watu wasione haraka. Miezi mitano sikukanyaga kanisani.

Unajua kilichoniuma? Si shati. Ni kwamba katika miezi hiyo mitano hakuna mtu aliyepiga hodi. Chumba changu kilikuwa dakika kumi kutoka kanisani. Meseji ya mchango wa jengo ilikuja mara mbili, na lipa namba yake chini. Hodi, hapana.

Mwezi wa sita biashara ya mitumba ikanishinda kabisa. Nikapanda basi kwenda Iringa kwa shangazi yangu anayeishi Kihesa, nikamsaidie kuuza nyanya. Baridi ya mwezi wa sita unaijua? Chimala nilivua koti, Makambako nikalivaa tena, Mafinga nikatamani blanketi, na kufika Ipogolo nilikuwa sihisi vidole.

Siku ya tatu, saa kumi na mbili asubuhi, hodi mlangoni. Nikatoka na shuka mabegani. Mzee mmoja amevaa kofia ya sufu na koti refu.

"Kamwene," akasema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mgeni wa mama hapa? Mimi ndiye ninayesimamia jumuiya hii. Leo tunasali nyumba ya tatu kutoka hapa. Njoo, kuna chai."

Nikamwambia ukweli, kwamba sina hata mia ya sadaka. Akanitazama kama nimesema kitu cha kitoto. "Nimekuambia kuna chai, sijakuambia kuna mhazini."

Nikaenda. Tulikuwa watu kumi na moja kwenye sebule ndogo, tukasoma, tukaimba, tukanywa chai na viazi vitamu. Wakauliza nani anaumwa, nani mtoto wake karudishwa shule kwa sababu ya ada, nani kafiwa. Mwishoni kikapitishwa kikapu kimefunikwa kitambaa, unaingiza mkono, unatoa mkono, hakuna anayejua umeacha nini. Mimi niliingiza hewa. Kikapu kikapita.

Jumapili yake kulikuwa na mnada, na mnadishaji wao alikuwa amepoteza sauti kwa mafua. Yule mzee akanisukuma mbele. "Huyu anauza nyanya sokoni, koo analo." Mpenzi msomaji, nilinadi! Kuku, debe la mahindi, kikapu cha nyanya za Ilula, chupa ya mafuta ya alizeti. Yai moja nililipandisha hadi likashinda bei ya trei zima. Watu walicheka mpaka wakakalia majani. Mfukoni sikuwa na kitu, lakini siku ile hakuna aliyetoa kuliko mimi, na kila mtu alijua.

Jioni mzee yule, mwalimu mstaafu, akanisimulia kisa ambacho sijakisahau. Aliniuliza kama nawajua Wamethodisti. Nikasema nawasikia tu, huku kwetu si wengi. Akacheka, akasema hao na Moravian wenu ni ndugu wa karibu. John Wesley, Mwingereza aliyewaanzisha, alikuwa melini anakwenda Marekani mwaka 1736, dhoruba ikapiga, Waingereza wakapiga mayowe, ila Wamoravian waliokuwamo wakaendelea kuimba watulivu. Akashangaa watu gani hawa. Miaka miwili baadaye, Mei 24, 1738, jijini London, akiwa kwenye mkutano wa watu walio karibu na hao hao, ndipo moyo wake ulipobadilika.

"Sasa sikiliza la bahasha," mzee akaniambia. Mwaka 1742 kundi la Wesley mjini Bristol lilikuwa na deni la jengo lao. Wakakaa wajadili. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Mwingine akasema wengi wetu ni maskini, hiyo peni hawana. Yule nahodha akajibu kwamba basi nipeni mimi kumi na moja walio maskini kuliko wote. Nitawapitia kila wiki. Mwenye nayo atatoa, asiye nayo nitamlipia mimi.

Wakagawana hivyo. Na walipoanza kupita nyumba hadi nyumba kutafuta peni, wakagundua mambo ambayo hawakuyajua: huyu anamgombeza mkewe, yule amekata tamaa, mwingine mgonjwa. Wesley akaona hii safari ya peni ina faida kubwa kuliko peni yenyewe. Ndipo vikazaliwa vile vikundi vidogo vya Wamethodisti, watu kama kumi na wawili na kiongozi wao.

Nilikaa kimya muda mrefu. Kumbe mchango ulikuwa sababu ya kupiga hodi! Huyo nahodha hakubandika orodha ukutani. Alichukua walio na kistari, wote, akasema hawa ni wangu.

Nilirudi Mbeya mwezi wa nane, nikaenda kwenye kikao cha vijana. Nilikuwa natetemeka, lakini nikasimama nikawasimulia kisa cha nahodha. Nikaomba mambo matatu. La kwanza, orodha ya majina na fedha ifutwe kwenye simu. La pili, anayekusanya mchango asikusanye kwa meseji peke yake, apite nyumbani, na akikuta mtu hana, aulize kulikoni. La tatu, asiye na fedha ahesabiwe kwa mikono yake: usafi wa kanisa Jumamosi, kubeba viti kwenye misiba, kunadi. Kama mama wa Uyole anatoa viazi na vinahesabiwa, kwa nini jasho la kijana lisihesabiwe?

Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwapo akanijibu kwa upole, na nitamtendea haki: "Mwanangu, bati halinunuliwi kwa jasho la kufagia. Fundi anataka hela." Ni kweli. Paa lilikuwa linavuja juu ya vichwa vyetu tukiwa tunabishana, na mvua za Mbeya si mchezo. Sikuwa na jibu la bati, na hadi leo sina.

Lakini orodha ilifutwa. Siku hiyo hiyo, mbele yetu. La pili na la tatu wakasema watayapeleka kwenye baraza la wazee, na unajua mambo ya baraza. Hatukungoja. Wale watatu tuliokaa na waumini siku ya sare tuligawana majina ya waliopotea, kila mtu manne. Jamaa wangu wa kwanza nilimkuta Nzovwe, anaosha bajaji. Alidhani nimekuja kudai. Nilipomwambia sijaja na bahasha, aliniangalia kwanza mikononi, halafu akaniangalia usoni, akaninunulia soda. Hajarudi kanisani bado. Ila Alhamisi iliyopita alinipigia simu yeye mwenyewe, mama yake kalazwa, akaniomba nimsindikize kwenda kumwona.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa na una kistari chako mahali fulani, kwenye kwaya, kwenye kikundi cha kufa na kuzikana, popote, usijitoe saa nane za usiku kama mimi. Na wewe unayeshika daftari la michango, wewe ndiye hasa niliyekuwa nakutafuta tangu mstari wa kwanza. Mwezi huu, kabla ya kutuma meseji, chagua jina moja lisilo na namba mbele yake, uende ukapige hodi.

Nimesema na moyo wangu umepoa. Tukutane wiki ijayo Mungu akipenda, nimewawekea kisa cha jamaa aliyechumbia mabinti wawili wa kwaya moja, sauti ya kwanza na sauti ya pili.