Pikapu ipimwe ikiwa na mzigo wake

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mnaopanda motokari hizo pamoja na watoto,

Siku hizi kijana wetu akinunua pikapu ya okazioni, kitu cha kwanza anachokitazama ni mkia. Mkia umeinuka, pua imeinama, naye anasema haipendezi. Anakwenda kwa fundi ili ishushwe nyuma, ikae sawa. Mtauliza mtu wa dispansari anatafuta nini katika garaje. Migongo yenu inaletwa kwangu, haipelekwi kwa fundi.

Jueni kwanza kwa nini mkia uko juu. Pikapu imetengenezwa kubeba. Resori zake za nyuma ni bamba za chuma zilizolaliana; ikiwa tupu zinainuka, ukipakia mifuko ya simenti zinashuka na motokari inakuwa sawa. Ukiondoa bamba moja ili ipendeze ikiwa tupu, siku ya mzigo mkia utakaa chini. Magurudumu ya mbele yanapungukiwa uzito, usukani unakuwa mwepesi mno, na taa zako zinampiga machoni yule anayetoka Sake. Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalisemi. Pikapu nyingi zina fimbo ndogo nyuma, iliyounganishwa na ekseli, inayogawia breki za nyuma nguvu kufuatana na mzigo. Mkia ukishushwa bila kurekebisha fimbo hiyo, breki zinadanganyika kwamba umepakia. Kwenye barabara yenye maji magurudumu ya nyuma yanajifunga, na motokari inageuka kinyume.

Kwa motokari ndogo zenye resori za mviringo, mchezo ni kukata. Msikubali! Mizunguko ikipungua, resori inakuwa ngumu zaidi, na kila pigo linapanda moja kwa moja hadi kiunoni. Wengine wanaipasha moto mpaka inalala. Hapo chuma kimepoteza nguvu yake. Tena resori iliyokatwa ni fupi: gurudumu likining'inia shimoni, inaweza kutoka mahali pake.

Na mashimo tunayo. Lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002, ikashuka tena mpaka kando ya mji tarehe 22 Mei 2021. Katika mitaa mingi ya Goma tunatembea juu ya mawe yake, na jiwe la lava halina huruma kwa karteri ya mafuta iliyokaa chini. Mtindo wa motokari zilizolala chini ni wa nchi zenye lami laini.

Hata hivyo simkatazi mtu. Anayetaka usawa, apime kwanza. Weka motokari mahali palipo tambarare, mipira yenye upepo wa kutosha, tangi limejaa, na watu unaowabeba kila siku wamekaa ndani. Pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote nne. Upande mmoja ukiwa chini kuliko mwenzake, huenda resori imechoka au imevunjika: badilisha mbili kwa pamoja. Kama nyuma bado iko juu, nunua resori zilizotengenezwa kwa aina ile ya motokari, zinazoshusha sentimeta 2 au 3, si zaidi, na zenye kubeba uzito uleule. Fundi atazame pia amortisa na kaucho za kuzuia kugonga, kisha arekebishe fimbo ya breki, taa na mwelekeo wa magurudumu. Akikuambia, "tukate kidogo tu," chukua ufunguo wako.

Najua resori mpya ni ghali. Kwa maoni yangu, pikapu ya kazi iachiwe mkia wake.

Wale ambao wamekwisha kukata, wasimpandishe mama mjamzito wala mwenzao mwenye kuumwa mgongo mpaka wabadilishe. Na wewe ambaye maumivu ya kiuno yanashuka mguuni, au mguu umekufa ganzi, njoo dispansari leo. Ukishindwa kuzuia mkojo, usingoje hata asubuhi.